Karanga za Kupatana

Karanga za sukari zina hila moja, na Kiden aliijua kama alivyojua jina lake. Unachemsha sukari, unatia karanga mbichi, unakoroga. Mambo yanakwenda vizuri, rojo inatoa povu, nyumba nzima inanukia iliki. Halafu ghafla, bila hata kukuaga, sukari inageuka mchanga. Inakauka, inapauka, inashika karanga kama vumbi la mtaa wa Gurei wakati wa kiangazi. Hapo ndipo mpishi mgeni anapopiga yowe, anaongeza maji na kuharibu kila kitu. Mwenye kujua hukaza mkono tu. Hukoroga mchanga wake juu ya moto mdogo, na baada ya kitambo ule mchanga huanza kutoa jasho, huyeyuka tena, na kila karanga huvaa koti lake la kung'aa.

Jumamosi hiyo Kiden alikoroga kwa mikono miwili.

Siku nyingine alipika za kuuza. Alizifunga kwenye nailoni, akazipeleka mlangoni pa kanisa na nje ya hospitali, na watu walizijua kwa rangi yake. Zilikuwa nyekundu, kwa sababu Kiden hakuchemsha sukari yake kwa maji matupu bali kwa maji ya karkadee, yale maua makavu ambayo watu wa Juba huyanywa kama chai. Karkadee, iliki, mdalasini, tangawizi kavu ya kutwanga, na chumvi kidogo ya kuamsha ulimi. Lakini za leo hazikuwa za kuuza. Za leo zilikuwa za kumrudisha Sanyu.

Sanyu alikuwa mwanawe wa pekee, msichana wa miaka tisa, na wakwe ndio waliokuwa naye. Mambo yalianzia ukimbizini Uganda. Asubuhi moja Laku, mume wa Kiden, alikula karanga za sukari alizopika mkewe, akachukua jembe, akaenda shamba. Jua halijatua, alikuwa maiti, tumbo limevimba. Daktari wa kambi alisema utumbo ulijisokota. Nani atamsikiliza daktari? Mama yake Laku, bibi Teresa, alisema neno moja tu, sumu, na neno hilo likamtangulia Kiden kila alikokwenda.

Sumu si tusi la kutupiana kisimani, kesho mkacheka. Mwanamke akishaitwa mtia sumu, watu hufunika vikombe vyao akipita. Hakuna anayempiga, hakuna anayempeleka mahakamani, ila hakuna tena anayekunywa maji yake. Waliporudi Juba wakwe walimchukua mtoto wakakaa naye mtaa wa Buluk, na Kiden akapanga chumba Gurei peke yake. Alimwona binti yake Jumapili tu, kanisani, kisogo tu, benchi za mbele. Alikijua kisogo kile kuliko alivyokuwa akiujua uso.

Sasa shemeji yake Lokosang, kaka mkubwa wa marehemu, mtu mpole anayechukia kelele, alikuwa amemsihi mama yake mpaka bibi kizee akalegea. Sharti lilikuwa lile la ukoo wao. Mwanamke anayeshukiwa apike kwa mkono wake mwenyewe. Chakula kilale usiku mmoja chini ya kitanda cha mkubwa wa nyumba. Kesho yake aje, akibebe, aonje yeye kwanza mbele ya wote. Wa pili kula ni mtoto wa ugomvi. Halafu wanakula wote, na wakishakula, maneno yamekwisha na hayarudiwi tena. Sanyu angeondoka na mama yake siku hiyo hiyo.

Chakula chenyewe alikichagua Teresa. "Alete zile karanga," alisema. "Zile zile alipea mtoto yangu."

Tuseme ukweli, ilikuwa roho mbaya. Hata hivyo Kiden aliposikia alipiga magoti chumbani akamshukuru Mungu, kwa sababu katika vyakula vyote vya dunia, hicho ndicho asichoweza kukikosea.

Tatizo likawa karanga. Malori ya kutoka Uganda yalikuwa yamekwama njiani wiki nzima, na soko zima la Konyo Konyo lilikuwa na karanga za mwaka jana zenye ukungu. Alizunguka mpaka miguu ikawaka moto. Mwisho akafika kwa Annet, Mganda aliyemuuzia siku zote, na Annet akamvuta kando kama mtu mwenye siri tamu.

"Mama Sanyu, mimi iko na kitu yako," alinong'ona, akavuta gunia dogo kutoka chini ya meza. "Mtu ameleta jana tu. Nimeficha, nikasema hii ni ya mama Sanyu, anapika ya kuchukua mtoto. Angalia. Kubwa, safi, karibu hakuna mbovu."

Kweli zilikuwa nzuri. Zilikuwa na unyevunyevu kidogo.

"Zimenyeshewa kwa njia," Annet alisema, na hakudanganya, maana ndivyo alivyoambiwa. Alimpa na gunia lenyewe, akamkumbatia. "Enda, dada. Lete huyo mtoto nimuone."

Nyumbani Kiden alizipepeta kwenye ungo. Zilizovunjika na zilizosinyaa alizitupa nyuma ya nyumba. Zilizobaki aliziosha, na maji yakatoka mekundu. Mtu mwingine angeshtuka. Lakini vidole vya Kiden vilikuwa vyekundu mwaka mzima kwa ajili ya karkadee, sufuria zake nyekundu, mwiko wake mwekundu; wekundu jikoni kwake haukuwa habari. Alidhani ni ganda la karanga, akafurahi. Leo zitaiva rangi kuliko siku zote, alijiambia.

Zikaiva kweli. Zilipopoa kwenye sinia zilikuwa nyekundu ya kanga mpya, zinang'aa, zinalia kwa kugongana. Alionja mbili. Tamu. Alasiri Lokosang akaja na pikipiki yake, Kiden akazimimina kwenye bakuli, akafunika kwa kitambaa cheupe na kukaza fundo.

"Kesho, shemeji," Lokosang alisema. "Baada ya kanisa. Sanyu anauliza kila saa."

"Anauliza nini?"

"Anauliza kama kwako iko kitanda moja au mbili."

"Mwambie moja," Kiden alisema. "Mwambie tutabanana."

Usiku huo tumbo lilimsokota na kichwa kikamgonga. Alijicheka. Mwoga wewe, alijiambia, unaogopa furaha.

Asubuhi alikuwa amevaa kitenge chake kizuri na anatafuta kiatu cha pili, aliposikia jirani yake Nyakim akipiga kelele nyuma ya nyumba.

"Mama Sanyu! Taal! Njoo uone hii kitu!"

Kuku wa Nyakim walikuwa wamelala chini, ubavu kwa ubavu, wote. Jogoo peke yake alikuwa bado anapiga mguu, na ute ulikuwa ukimtoka mdomoni. Walikuwa wamekufia juu ya karanga zile mbovu alizozitupa jana, na midomo yao ilikuwa myekundu.

"Umetupa nini hapa, dada?"

"Karanga," Kiden alisema. "Karanga tu, zile za kutupa."

Aliisikia sauti yake mwenyewe ikitoka mbali. Aliingia ndani akalichukua lile gunia dogo, akalitazama nje, likawa jeupe, halina hata herufi. Akatia mkono ndani, akaligeuza. Upande wa ndani, ambao kumbe ndio uliokuwa wa nje, palichorwa fuvu la kichwa na mifupa miwili, na chini yake sahani na kijiko vimekatwa kwa mstari. Kusoma alijua kiasi. Mbegu za kupanda. Zimetiwa dawa. Si chakula.

Zilikuwa mbegu za kugawiwa wakulima, zilizopakwa dawa ya wadudu na kutiwa rangi nyekundu makusudi, ili mwenye macho ajue haziliwi. Mtu fulani mwenye tamaa alikuwa ameziosha nyekundu ikapungua, akaligeuza gunia, akauza. Lakini rangi haikuisha yote. Ilibaki ya kutosha kumwonya Kiden, naye akaipenda.

Alipiga simu ya Lokosang. Haipatikani. Watu wapo kanisani, simu zimezimwa. Akapiga tena, na tena, na mwanamke wa kwenye simu akamjibu kwa upole ule ule mpaka akatamani kuitupa ukutani.

"Ya Rabbi," alisema. "Ya Rabbi, si leo. Siku nyingine yoyote, si leo."

Bodaboda aliyeegesha njiani alikuwa Trevor, kijana wa Kampala aliyezoea kumbeba na sinia lake. Kiden alipanda kabla hajasalimiwa, lile gunia amelikunja ndani ya mkoba.

"Buluk. Kimbia."

"Mama, barabara iko mbaya, mvua ya jana imefanya matope mingi..."

"Trevor, kimbia! Nitakupa sababu kesho."

Trevor akakimbia. Na mgongoni mwake Kiden alikuwa akifanya hesabu isiyo na jibu. Akifika na kusema msile, zina sumu, atakuwa amesema nini? Atakuwa amelitamka kwa kinywa chake lile neno ambalo Teresa amelitamka miaka yote. Nani atasikiliza mambo ya gunia? Watasikia sumu, watasikia karanga, wataona mwanamke yule yule. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Miaka yote waliisema sumu na haikuwepo. Sasa imekuja, na mkono ulioipika ni wake, wala hawezi kusema si wake.

Anyamaze, je? Alilifikiria, tusimfanye malaika. Yeye alikula mbili akaumwa kichwa tu. Labda moto umeua dawa. Labda kila mtu atakula mbili tatu, wataumwa tumbo, watasema ni maji ya mvua. Kisha akamkumbuka jogoo. Akamkumbuka Sanyu, mwenye mikono kama vijiti, wa pili kula, na jinsi alivyopenda vitu vitamu tangu hajaota meno.

Pikipiki ilipoteleza kwenye dimbwi na Trevor akatia mguu chini kuishika, ndipo jawabu lilipomjia. Atajikwaa. Bakuli hubebwa na mpishi, hiyo ndiyo desturi. Atalibeba, atajikwaa, zitamwagika kwenye matope. Mwanamke aliyejikwaa si mchawi, ni mjinga tu, na ujinga husamehewa. Watacheka. Atalia kidogo. Jumapili ijayo atakuja na nyingine safi, za karanga anazozijua, na Sanyu atangoja wiki moja tu. Wiki moja si kitu.

"Haraka, Trevor," alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo akavuta pumzi mpaka chini.

Uani kwa Lokosang watu walikuwa wamesharudi kanisani. Mkeka umetandikwa chini ya turubai, wajomba na mashangazi wamekaa, chai ya tangawizi inazunguka. Bibi Teresa alikuwa juu ya kiti cha plastiki katikati, mgongo wima, gauni la Jumapili limepigwa pasi. Na kando ya mlango, amesuka nywele mpya, gauni la manjano, alisimama Sanyu. Miguuni pake palikuwa na begi. Lilikuwa limefungwa tayari.

Kiden alimpungia kwa vidole tu. Mtoto akainua mkono, akautazama uso wa bibi yake, akaushusha.

"Karibu, mke wa Laku," Teresa alisema. "Umekuja na jasho."

"Nilichelewa, Mama. Nilikimbia."

"Nani anakimbiza wewe?"

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha wasiwasi. Lokosang akaingia ndani na kutoka na bakuli, fundo la kitambaa halijaguswa, au ndivyo lilivyoonekana. Akampa Kiden mikononi. Bakuli lilikuwa jepesi kuliko jana, ila Kiden hakuwa na akili ya kupima uzito wa bakuli. Alikuwa akiutazama ukingo wa turubai, pale maji ya mvua yalipotuama na udongo ukawa uji mweusi.

Akapiga hatua. Ya pili. Kiatu kikashika ukingo wa mkeka, na hakuwa amekikusudia pale, lakini hakukizuia. Alianguka vizuri, kwa magoti na viwiko, na bakuli likaruka, na karanga zikamwagika matopeni zikitawanyika na kubingirika mpaka mlangoni, nyekundu juu ya nyeusi.

"Uwii!" mashangazi walilia. "Maskini!"

"Mungu wangu, mkono wangu mjinga!" Kiden alilia, na machozi hayakuwa ya kutafuta, yalikuwepo tangu asubuhi. "Nisameheni. Nisamehe, Mama. Nitapika zingine. Jumapili ijayo, naapa, nitapika zingine."

Lokosang alikuwa ameshika ufagio, anazisomba pamoja na matope, anasema maleesh, maleesh, hakuna shida. Kiden akainuka. Magoti yalikuwa yanavuja damu, na moyoni alikuwa anacheka.

Bibi Teresa hakuwa ameondoka kitini. Aliinama tu, akatia mkono chini ya kiti, akatoa kopo la maziwa ya unga.

"Mimi ni mzee," alisema. "Usiku nilifikiri, nikasema, mtu iko na roho safi anatembea vizuri. Mtu iko na roho chafu ataanguka. Basi nikafungua, nikatoa nusu, nikafunga tena." Akakifungua kifuniko. Ndani zilikuwa karanga, zinang'aa, hazina hata chembe ya udongo. "Nilitaka kuwa mwongo, mke wa Laku. Mungu anajua, nilitaka utembee vizuri."

Chai ilisimama mikononi.

"Onja," Teresa alisema.

Mtego wa mzee haufyatuki bure. Kiden alilitazama kopo. Halikuwa kubwa. Na wazo lililomjia halikuwa wazo la mtu mwenye akili timamu, ila lilikuwa wazo pekee lililobaki. Alipiga magoti mbele ya kiti, akatia mkono, akatoa konzi nzima, akaitia kinywani. Akatafuna. Iliki, mdalasini, tamu. Akatia mkono tena. Akameza kabla ya kutafuna vizuri, akatia mkono mara ya tatu, midomo imejaa, rangi inamchuruzika kidevuni. Zikiisha, hakuna atakayekula.

"Shemeji," Lokosang alisema. "Shemeji, polepole."

Teresa aliuvuta mkono wake kutoka kwenye kopo. Alikuwa na nguvu, bibi yule. Alimtazama Kiden kwa muda, na kitu fulani usoni mwake kikalegea. Alikuwa amemwona mwanamke akila karanga zile kwa ulafi, mbele za watu, bila hofu.

"Kalas," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Imetosha. Kumbe... imetosha, binti yangu. Bakishia wengine."

Binti yangu. Hakuwahi kumwita hivyo, hata siku ya harusi. Shangazi mmoja alianza kupiga vigelegele, chini chini. Lokosang alifuta macho kwa mkono wa shati. Yote aliyoyaomba Kiden kwa miaka yalikuwa yamesimama pale uani, yamevaa nguo za Jumapili, yanamngoja anyamaze tu.

"Sanyu," Teresa aliita. "Njoo, mtoto. Kula karanga ya mama yako."

Sanyu akaja mbio. Alipiga magoti kando ya mama yake, karibu sana, bega lake likagusa mkono wa Kiden, na lilikuwa bega la moto, la mtoto aliyengoja juani. Alinukia mafuta ya nywele. Akatia mkono ndani ya kopo, akatoa karanga moja iliyo kubwa kuliko zote, akamgeukia mama yake na kucheka, na Kiden akaona kuwa meno ya mbele yalikuwa yameshaota, makubwa, na yeye hakuwepo.

"Usile," Kiden alisema.

Mtoto akasita, karanga mlangoni pa mdomo.

"Sanyu, usile. Weka chini. Ina sumu."

Kisha Kiden alisema yote, haraka, akijikwaa kwa maneno kuliko alivyojikwaa kwa mguu: soko, Annet, unyevu, kuku wa Nyakim. Alilitoa lile gunia mkobani, akalikunjua, akalinyoosha hewani ili kila mtu alione fuvu. "Ni mbegu, tazameni, imeandikwa, ni mbegu zilizotiwa dawa! Sikujua! Ningejua ningepika? Ningekula mimi mwenyewe?"

"Ulijua," Teresa alisema. "Ulianguka kwa sababu ulijua."

Kiden akalibana gunia kifuani.

Bibi kizee hakupiga kelele. Alilishusha kopo chini taratibu. "Miaka yote nimengoja useme," alisema. "Watu walisema mimi ni mwenda wazimu. Daktari alisema utumbo. Lokosang, mtoto wangu mwenyewe, alisema, Mama, acha. Sasa umesema. Kwa mdomo yako." Kisha akalia, si kilio cha hasira bali kile cha msibani, na jina alilolitaja lilikuwa la Laku.

Lokosang alilichukua gunia. Alisoma upande wa mchoro, akaligeuza, akasoma tena. Yeye alikuwa amesoma shule Arua, kule Uganda, maandishi yale hayakumshinda. Kiden alimwona akielewa. Alimwona akimtazama, akamtazama mama yake anayelia, akawatazama mashangazi waliokuwa wameshaanza kuwavuta watoto wao ndani. Kisha akalikunja gunia mara mbili na kulirudisha mkononi mwa Kiden.

"Enda, shemeji," alisema kwa sauti ya chini. "Enda sasa, kabla hawajakushika."

"Umesoma. Umeona."

"Nimeona."

"Basi sema!"

"Enda," alisema, na hakumtazama tena.

Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Teresa alikuwa na msiba wake, lakini Lokosang alikuwa na ukweli mkononi na aliukunja kama kitambaa. Hawakumpiga. Mikono ya wanawake ilimsukuma tu mgongoni mpaka nje, lango la bati likafungwa, komeo likalia, na ndani akasikia sauti ya mtu akisema maji, leteni maji, mwosheni huyu mtoto mdomo, ingawa mdomo wa mtoto haukuwa umegusa kitu.

Trevor alishuka kwenye pikipiki alipomwona. "Mama, iko nini? Mdomo yako iko nyekundu."

Tumbo la Kiden lilikuwa limeanza kukaza na mate kumjaa. Aliliegemea lango, akateleza mpaka chini, akakaa matopeni na kitenge chake kizuri. Trevor alikuwa anasema hospitali, twende hospitali, mama, inuka, na yeye alikuwa akisikia na hawezi.

Chini ya lango palikuwa na uwazi, bati halikufika ardhini. Mkono mdogo ukatokea pale.

"Mama," Sanyu alinong'ona.

"Niko hapa."

"Mama, hata hizi?"

Mkono ukafunguka. Ndani yake kulikuwa na karanga tatu, zina matope, zimelowa jasho, na rangi ilikuwa imeshaingia kwenye mistari ya kiganja. Alikuwa ameziokota zilipomwagika, kabla ya ufagio wa baba mkubwa kufika, akazificha mfukoni.

"Nilikuwa naweka ya kula kwa njia," mtoto alisema. "Tukienda kwako."

Kiden alizichukua, moja, nyingine, nyingine. Akapapasa kiganja kile chote, na katikati ya vidole, kuhakikisha hakuna iliyobaki. Kisha akachukua pembe ya kitenge, akaitemea mate, akasita, kwa maana mate yake nayo yalikuwa mekundu, akaiacha, akashika pembe nyingine. Akamsugua kiganja kwa kitambaa kikavu mpaka mtoto akasema aii.

"Hata hizi," alisema. "Hukula hata moja? Niambie ukweli."

"Hapana. Umesema nisile."

"Ndiyo. Nimesema." Akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili. "Sasa enda ukanawe. Kwa sabuni, Sanyu, mara mbili, na chini ya kucha."

"Halafu nirudi hapa?"

Ndani mtu aliliita jina la mtoto, kwa ukali.

"Nawa kwanza," Kiden alisema.

Mkono ukarudi ndani. Trevor alimshika makwapani, anamwinua, anamwambia ashike vizuri, asifumbe macho, na Kiden akamwambia ngoja, ngoja kidogo tu. Alitega sikio kwenye bati mpaka akasikia, upande wa pili, maji yakimiminwa kwenye beseni.